Gesi au indaksheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapishi wa Nairobi

Nimepikia gesi tangu nihamie Nairobi, na kwa miaka minne sasa nina jiko la indaksheni kando ya meko yangu, yaani mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye bana juu yake. Tangu majirani walione, maswali hayaishi: kwenye ngazi, kwenye foleni ya maji, hata baada ya ibada. Nimeyakusanya hapa. Nimeanza na yale yanayowaponza watu dukani, kwa sababu makosa ya dukani ndiyo ya gharama.

Indaksheni ni nini, na inatofautianaje na jiko la stima la koili la zamani?

Koili hupata moto yenyewe kwanza, ndipo iupeleke kwenye sufuria. Indaksheni haina moto. Chini ya kioo kuna waya wa shaba uliozungushwa kama mkeka wa ukili. Stima ikipita humo huzaa nguvu ya sumaku inayogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, na nguvu hiyo hupasha chuma cha sufuria chenyewe. Ukiinua sufuria, kazi imekwisha. Kioo hubaki na joto lililotoka kwenye sufuria tu.

Nilinunua jiko la kioo kwenye maduka ya mtaa wa Luthuli. Nikiwasha linakuwa jekundu. Ndilo hilo?

Silo. Hilo ni jiko la infraredi, na kwa umbo hufanana na indaksheni kama pacha. Wauzaji wengi hawayatofautishi, wengine hawataki kuyatofautisha. Ndani yake mna waya unaowaka na kupasha kioo, kisha kioo kipashe sufuria. Kwa hivyo ni ndugu wa koili. Si jiko baya: linakubali sufuria yoyote, hata ya alumini. Lakini hupoteza joto zaidi, na kioo hukaa moto muda mrefu baada ya kulizima. Ukitaka indaksheni ya kweli, nenda na sufuria ya alumini dukani, mwombe muuzaji awashe jiko na aiweke juu. Likipiga kelele na kukataa, umepata. Likiipokea kwa furaha, umeletewa pacha.

Sufuria zangu zitafanya kazi?

Hapa ndipo wengi wanapolia. Sufuria ambayo karibu kila nyumba ya Nairobi inayo, ile nyepesi isiyo na mikono inayouzwa kwa seti kuanzia ndogo ya chai hadi kubwa ya sherehe, ni ya alumini. Indaksheni haiioni kabisa. Chungu cha udongo vilevile. Presha kuka nyingi za zamani, vilevile.

Chukua sumaku, hata ile ya kubandika friji, uiguse kwenye kitako cha chombo. Ikishika kwa nguvu, chombo kitapika. Ikishika kwa kusitasita, kitapika kwa kusitasita. Usidanganywe na kung'aa: kuna sufuria za stenlesi ambazo sumaku haizishiki hata kidogo, na kuna sufuria za alumini zilizobandikwa sahani ya chuma chini, ambazo hupika vizuri tu. Vyombo vya enameli hupika. Pani nzito ya chuma ya chapati hupika mno. Karai la mafundi wa Kamukunji ni la chuma na sumaku hulishika, ila kitako chake ni cha mviringo, kwa hivyo hugusa kioo mahali padogo kama sarafu na jiko hulikataa au hulipasha katikati tu.

Kwa hiyo bei ya indaksheni si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Ongeza sufuria mbili na pani moja. Nami nakusihi usigawe zile za alumini. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Machakos akakuta nimezigawa zote. Akanyamaza, na ukimya ule naukumbuka hadi leo.

Sasa tuseme ukweli: ipi nafuu?

Kila mtu anataka jibu la neno moja, na neno hilo halipo, kwa sababu bei ya stima kwako si bei ya stima kwangu. Ila hesabu yenyewe si ngumu.

Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu yuniti 12.8 za stima (yuniti moja ya mita ni kilowati-saa moja). Lakini mwali wa gesi hulamba pembeni mwa sufuria na kupasha jikoni kote. Kinachoingia kwenye chakula ni kama asilimia 40, hadi 55 ukiwa na bana safi na sufuria pana. Indaksheni huingiza kama asilimia 85. Ukilinganisha, kazi ya kilo moja ya gesi hufanywa na yuniti 6 hadi 8 za stima. Kumbuka namba hizo mbili, zingine utazipata nyumbani kwako.

Fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni, ule unaoletwa kwenye simu ukinunua stima. Gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Usitumie bei ya msingi unayoisoma mahali, kwa maana juu yake kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya dola, ushuru na tozo nyingine. Ujumbe wako umeshajumlisha zote. Tuseme ulilipa 1,000 ukapata yuniti 37: kila yuniti ni shilingi 27. Halafu gawanya bei ya kujaza mtungi kwa kilo zake. Tuseme mtungi wa kilo 13 unaujaza kwa 3,100: kilo ni kama shilingi 238. Yuniti 6 hadi 8 kwa 27 ni shilingi 162 hadi 216. Hapo indaksheni imeshinda, ingawa si kwa mbio.

Kwa bei hiyo hiyo ya gesi, bei ya yuniti ikiwa chini ya shilingi 30 indaksheni ni nafuu. Kati ya 30 na 40 inategemea mkono wa mpishi: anayefunika sufuria na anayeacha mwali ukiruka pembeni hawawezi kulipa sawa. Ikipita 40, baki na gesi bila majuto.

Rudia hesabu kila bei zinapobadilika. Gesi ya kupikia haimo kwenye bei ambazo EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na mafuta, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi; zile ni za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kila duka la gesi hujipangia, na maduka mawili ya mtaa mmoja yanaweza kutofautiana kwa mamia. Tena gesi yetu huingizwa kutoka nje, nyingi kupitia Mombasa, kwa hivyo huyumba na dola. Hata ushuru wake umekuwa bembea: VAT ya asilimia 16 ilirudishwa Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023.

Kwa nini yuniti zangu zilipungua baada ya kuanza kupikia stima, ilhali nalipa pesa zile zile?

Ulipanda daraja. Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, huwapanga wateja wa nyumbani kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo hadi 100, na zaidi ya 100. Ukivuka, bei mpya haigusi zile yuniti za ziada pekee, hugusa zote, pamoja na za balbu na runinga.

Hii ndiyo sehemu ambayo hesabu za mitandaoni huiruka. Nyumba inayomaliza mtungi wa kilo 13 kwa miezi miwili ikihamia indaksheni kabisa, huongeza kama yuniti 40 hadi 50 kwa mwezi. Kama ilikuwa inatumia 60, sasa imefika 100 au imepita. Nyumba iliyokuwa ikitumia 140 tayari haina cha kupoteza: iko daraja la juu kitambo, na yuniti inazoongeza hununuliwa kwa bei ile ile. Aliye chini ya 30, yaani mwenye balbu mbili na simu ya kuchaji, ndiye anayeumia zaidi. Mimi huangalia mita kila Jumapili. Nikiona mwezi huu naelekea 100, wiki ya mwisho tunapikia gesi. Mke wangu huniita mhasibu wa sufuria.

Naweza kuchomeka kwenye soketi ya kawaida?

Jiko la sahani moja la wati 2,000, ndiyo. Kwa volti 240 linavuta kama ampia 8, na plagi yetu ya miguu mitatu inaruhusu 13. Watu husema, "Mbona birika la stima nalo ni wati 2,000 na halijawahi kuniletea shida?" Birika hufanya kazi dakika nne likazima. Jiko linapika maharagwe saa nzima. Soketi iliyolegea, ambayo birika haliwahi kuifichua, jiko litaiyeyusha.

Siku ya kwanza, pika dakika kumi na tano, zima, chomoa, shika plagi. Uvuguvugu si neno. Ikikufanya urudishe mkono, usipikie tena hapo hadi fundi aibadilishe. Na fundi awe wa stima kweli, mwenye leseni ya EPRA, si yule anayerekebisha pia mabomba na dishi.

Ekstensheni sahau. Zile nyeupe za bei ya chini zina waya mwembamba kuliko kamba ya kiatu, na zikiwa zimekunjwa hupata joto lisiloonekana. Kifaa cha kulinda friji kinasaidia kwa sababu stima ya Nairobi ikirudi hurudi kwa hasira, lakini soma maandishi yake: kiwe cha ampia 13.

Na shawa ya moto ya papo kwa papo! Hiyo peke yake huvuta zaidi ya mara mbili ya jiko. Mmoja akioga na mwingine akipika, breka ikianguka usiilaumu indaksheni. Kwetu anayetaka kuoga hutangaza kwanza.

Ninaishi bedsita, chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba amekataza majiko ya stima.

Msikilize. Pengine ni uchoyo, pengine anajua nyaya alizopitisha. Jengo ambalo vyumba ishirini vinategemea laini moja haliwezi kubeba majiko kumi saa moja jioni. Kama ana mita ndogo za kila chumba, muulize anauza yuniti kwa shilingi ngapi kabla ya kubishana naye. Wengine huuza kwa bei inayomaliza faida yote tuliyoihesabu hapo juu. Kwa bedsita ya namna hiyo gesi ndiyo jibu, mradi dirisha lifunguke.

Gesi si hatari? Baada ya ule mlipuko wa Embakasi siku hizi naogopa.

Mkasa wa Februari 2024 ulitokea kwenye kituo cha kujazia gesi kisicho na leseni, katikati ya makazi ya watu. Haukuanzia kwenye meko ya mtu. Ila woga wako una maana, ukiuelekeza panapofaa.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani. Hujikusanya sakafuni, chini ya meza, chini ya kitanda, ikingoja cheche. Ndiyo maana mtungi haufai kufungiwa kabatini. Ile harufu mbaya imeongezwa makusudi ili pua ikuamshe, kwa hivyo ukiisikia usiwashe wala usizime taa, usipige simu ukiwa ndani. Funga vali, fungua mlango na madirisha, toa watu nje.

Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye vali, regulita na viungo vya bomba. Mapovu yakivimba, kuna uvujaji. Usitumie kiberiti kutafuta. Najua unacheka, lakini nimeona mtu mzima akifanya hivyo. Bomba lenye nyufa au lililokauka kama mpira wa zamani halina hirizi, badilisha. Na unapolala, funga kwenye mtungi, si kwenye kitufe cha jiko tu.

Nitajuaje mtungi haujapunjwa?

Mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Jumlisha na kilo za gesi, kisha mwambie muuzaji aupime mbele yako. Duka lisilo na mizani ni duka la kupita. Kagua pia lakiri kwenye vali. Gesi iliyojazwa vichochoroni huja pungufu, na mtungi wenyewe hujui mara ya mwisho ulikaguliwa lini.

Ugali wa indaksheni unaiva?

Unaiva, lakini unasongwa kwa adabu. Waya wa ndani wa majiko mengi ya sahani moja hauzidi upana wa sahani ya chai kwa mengi, kwa hivyo sufuria pana ya watu wanane hupata moto katikati na ukoko hushika kwa umbo la duara. Halafu kioo ni laini. Ukianza kusonga kwa nguvu sufuria inakimbia. Mkeka mwembamba wa silikoni chini ya sufuria unasaidia, na sufuria yenye mkono ni lazima. Usiipigepige kwenye kioo.

Ila tusiisifu meko kupita kiasi. Mtungi wa kilo 6 wenye grili juu ni mnara, na mnara ukisongewa ugali huyumba. Wengi wetu tumejifunza kuubana kwa magoti, mwali ukiwa hapo karibu na mapaja. Ugali wa amani hupikwa kwenye jiko la meza la bana mbili, mtungi ukiwa kando.

Chapati nazipendelea kwenye indaksheni kuliko popote. Pani nzito ya chuma, moto wa wastani, subiri dakika tatu ipate joto sawasawa, na kutoka hapo kila chapati hutoka na rangi moja. Ukianza na moto wa juu kabisa, katikati itaungua kabla ya ukingo kuamka.

Chai ya maziwa ni raha tupu. Maziwa yakitaka kuruka, bonyeza, yanashuka hapo hapo, na yakimwagika hayagandi kwenye kioo.

Wali hutegemea jiko. Majiko ya bei ya chini hayajui moto mdogo. Huwaka kwa nguvu, huzima, huwaka tena, na wali unachemka kwa vipindi kama mvua ya Aprili. Kabla ya kununua, weka maji, shusha hadi namba ya chini, tazama.

Githeri na maharagwe makavu usivipikie kwenye lolote kati ya haya mawili bila presha. Kuchoma mahindi, kubabua manyoya ya kuku, kuchoma bilingani hadi ngozi ipasuke: hapo indaksheni haina la kusema.

Stima ikipotea?

Unakula mkate. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na wenye indaksheni peke yake walibisha kwa majirani wenye meko. Inveta ya kawaida ya kuwasha taa na waifai haiwezi kubeba wati 2,000. Hii ndiyo sababu sijauza meko yangu na sitaiuza.

Stima inapopungua nguvu jioni, jiko likakatika lenyewe na kuandika herufi E na namba, hilo si bovu. Linajilinda. Ngoja.

Kwa afya, ipi bora?

Ukilinganisha na makaa au mafuta ya taa, zote mbili ni nafuu kubwa. Kati yao, indaksheni haichomi kitu ndani ya nyumba. Gesi hutoa naitrojeni dayoksaidi, hewa inayokera mapafu, na mwali ukiwa wa manjano badala ya buluu hutoa pia kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Mwenye mtoto wa pumu katika chumba kimoja, nitamshauri indaksheni hata kama hesabu ya shilingi inasema vingine. Kwa wengine, fungua dirisha unapopika, na usafishe bana.

Baba yangu amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Akae umbali wa sentimita 60 hivi kutoka kwenye jiko linalofanya kazi, na aulize daktari wake kabla hamjanunua.

Tunajenga Ruai. Tuweke jiko la indaksheni la sahani nne kwenye kaunta?

Mkijenga ndio wakati. Jiko kama hilo hufika wati 7,000, karibu ampia 30, na linahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi hadi ile swichi kubwa ya jiko ukutani. Kupitisha waya huo kabla ya plasta ni kazi ya nusu siku. Baada ya vigae ni vita. Pitisheni hata kama mtaanza na gesi, na mwacheni fundi wa gesi naye atoboe tundu la bomba ili mtungi ukae nje kwenye kivuli. Kisha nunueni jiko la sahani moja, mpikie miezi mitatu, mwone mita inasema nini.

Indaksheni yangu ilikufa baada ya mwaka mmoja. Ni feki?

Huenda. Lakini ligeuze kwanza. Chini kuna feni na matundu ya kupoza, na mende wa Nairobi wanapenda joto kuliko sisi. La kwanza langu, fundi alilifungua akakuta ukoo mzima juu ya bodi. Tangu hapo nalihifadhi juu, mbali na sinki, na sichomoi mara tu ninapozima. Naiacha feni imalize kupoza.

Kioo kimepata ufa mdogo tu pembeni. Naendelea kupika?

Hapana. Mchuzi ukipenya kwenye ufa unakutana na stima. Chomoa plagi sasa hivi, washa meko.